Bwana Speke na Maji Yachemkayo

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, nami nimemchagua John Hanning Speke. Wengi wenu mmemsoma katika historia, kuwa ndiye Mzungu wa kwanza kuliona ziwa hili lililo mbele yetu, na kuwa alipita Karagwe akakaa kwa Omukama Rumanyika. Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia, wala si wa historia. Linalonivuta kwa mtu huyu ni sufuria yake ya maji na kipimajoto alichotumbukiza humo. Kwa vitu hivyo viwili alipima kimo cha ziwa letu juu ya usawa wa bahari, na kwa vitu vya namna hiyo hiyo yakazuka mabishano yaliyoendelea hata baada ya yeye kuzikwa.

Alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 katika jimbo la Devon, Uingereza. Mwaka 1844, akiwa kijana wa miaka 17, aliingia jeshi la Kampuni ya East India huko Bengal, akapigana vita vya Punjab. Likizo zake hakuzitumia kwa starehe za mjini. Alikwenda milima ya Himalaya, akawinda, akapanda, akachora ramani za mabonde, na huko ndiko alikozoea vyombo vya kupimia nchi. Mwaka 1855 alikuwa Berbera, pwani ya Somali, pamoja na Richard Burton. Kambi yao ilishambuliwa usiku. Speke akakamatwa na kuchomwa mikuki mara nyingi, akaponyoka akikimbia na majeraha yake. Mtu mwingine angalikoma hapo. Yeye Desemba 1856 alifika Unguja pamoja na Burton huyo huyo, ili waende bara kutafuta maziwa ambayo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wakiyasimulia miaka mingi.

Waliondoka pwani Juni 1857. Katika msafara alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Speke na Bombay waliweza kusemezana kwa Kihindi, na kwa maoni yangu bila Bombay Speke asingefika popote. Novemba walikuwa Kazeh, penye Tabora ya leo, na Februari 1858 wakafika Tanganyika. Burton aliliona ziwa. Speke hakuliona vema, maana macho yake yalikuwa yanauma hata karibu apofuke. Baadaye mdudu akamwingia sikioni usiku. Alijaribu kumtoa kwa kisu, akajiumiza, akawa kiziwi wa sikio hilo muda mrefu.

Sasa nawaomba wazazi na wanafunzi wadogo wanivumilie kidogo, kwa sababu bila kueleza habari ya hewa hamtaelewa yaliyofuata.

Hewa ina uzito. Hatuuhisi kwa kuwa inatusukuma kutoka kila upande. Ukisimama pwani ya bahari, hewa yote iliyo juu yako hadi mbinguni inakukalia, nayo yaweza kuinua zebaki katika bomba la kioo kufika milimita 760. Ukipanda mlima, sehemu ya hewa huiacha chini ya miguu yako, na mzigo hupungua. Mfaransa Périer alilithibitisha jambo hili mwaka 1648. Alipanda mlima wa Puy de Dôme akiwa na bomba la zebaki, kama shemeji yake Pascal alivyomwomba, na kileleni zebaki ilikuwa imeshuka sentimita 8 hivi. Hapa kwetu, ufukweni mwa ziwa, zebaki husimama karibu milimita 665. Kwa maneno mengine, hewa ya Bukoba inatusukuma kwa nguvu kama sehemu 7 tu kati ya 8 za nguvu ya hewa ya Dar es Salaam.

Mwenye kutaka kuliona hili kwa macho hahitaji maabara. Chukua chupa tupu ya maji, ile ya plastiki laini, uifunge sawasawa hapa Bukoba, uisafirishe na basi hadi Dar es Salaam. Utakapofika utaikuta imebonyea kana kwamba mtu ameikalia. Hewa iliyomo ni ile ile, hakuna iliyotoka. Imebanwa na hewa nzito ya pwani hata ujazo wake umepungua. Kanuni hiyo aliitangaza Robert Boyle mwaka 1662: gesi ikiwa na joto lile lile, ukizidisha mgandamizo mara mbili, ujazo hupungua kuwa nusu. Wenye baisikeli wanaijua tangu utoto, maana ukiziba tundu la pampu kwa kidole na kusukuma mpini, hewa hukubali kubanwa, lakini kadiri unavyoibana ndivyo inavyozidi kushindana nawe.

Basi, kama hewa hupungua nguvu kwa kadiri mtu anavyopanda, aweza kupima kimo cha mahali kwa kupima nguvu ya hewa. Lakini bomba la zebaki la karibu mita moja, lililobebwa kichwani mwa mpagazi kutoka Bagamoyo hata Tabora, lina matumaini gani ya kufika zima? Wasafiri walitumia njia nyingine: walichemsha maji.

Mvuke nao ni gesi. Kipovu kinapoanza kuota chini ya sufuria, mvuke uliomo husukuma nje, na hewa iliyo juu ya maji husukuma ndani. Maji yakiwa bado hayajapata moto wa kutosha, hewa hushinda na kipovu hufa. Joto likizidi, nguvu ya mvuke huongezeka, hata ikalingana na nguvu ya hewa; ndipo mapovu huishi, hupanda, na maji huchemka. Kwa hiyo penye hewa dhaifu mvuke hauna haja ya joto kubwa ili kushinda. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, au 212 kwa kipimo cha Fahrenheit alichotumia Speke. Karibu na usawa wa ziwa letu huchemka kwenye nyuzi 96 na kitu, na katika nyanda za Karagwe, ambazo mahali pengi zapita mita 1,400, kwenye nyuzi 95 hivi. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanaochemsha maji katika maabara yetu ya Kahororo na kuona zebaki inakataa kufika 100 wasikitupe kipimajoto; kinasema kweli. Na akina mama wanaohamia huku kutoka Tanga wasishangae maharage yakikawia kidogo, kwa kuwa moto uwe mkali namna gani, maji ya sufuria iliyo wazi hayatapata joto zaidi ya hilo.

Kwa kipimo cha Fahrenheit, kila digrii 1 inayopungua ni kama futi 550 za kupanda. Hesabu kamili si rahisi hivyo. Hewa ya chini imebanwa na ya juu, kwa hiyo mgandamizo haupungui kwa hatua zilizo sawa. Tena hewa ikipata joto hupanuka, kwa sehemu 1 katika 273 za ujazo wake wa nyuzi 0 kwa kila digrii ya Selsiasi, kama walivyoonyesha Wafaransa Charles na Gay-Lussac. Nguzo ya hewa yenye joto ni ndefu kuliko nguzo ya hewa baridi iliyo na uzito ule ule. Kwa kimo kama cha ziwa letu, msafiri akikosea joto la hewa kwa digrii 10, atakosea kimo kwa karibu futi 130. Hata saa ya kupima ina maana. Katika nchi zetu za joto mgandamizo hupanda na kushuka kila siku kwa utaratibu, ukiwa mkubwa saa 4 asubuhi na mdogo saa 10 alasiri, nayo tofauti hiyo peke yake yatosha kuliinua ziwa au kulishusha futi 80 au 90 katika daftari la mtu asiyeangalia saa.

Vyombo vizuri vya Burton na Speke viliharibika njiani. Wakabaki na vipimajoto vya kawaida vya kupimia maji ya kuoga. Kwa vyombo vya namna hiyo walipata kimo cha Ziwa Tanganyika kuwa futi 1,850 hivi. Leo twajua kuwa liko karibu futi 2,530.

Burton alikuwa mgonjwa walipokuwa Kazeh kwa mara ya pili. Speke akaomba ruhusa ya kwenda kaskazini, alikoambiwa kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika. Aliondoka Julai 1858 na Bombay pamoja na wapagazi wachache, na tarehe 3 Agosti, akiwa juu ya kilima karibu na Mwanza, aliona maji yasiyo na mwisho. Wasukuma, Wakerewe, Wazinza na Wahaya walikuwa wakivua ndani yake karne nyingi, na kila watu walikuwa na jina lao. Speke alilipa jina la malkia wake. Kukaa alikaa siku chache tu, hakulizunguka, hakulivuka. Lakini alichemsha maji na kusoma kipimajoto, akapata kimo cha futi 3,750 hivi. Kipimo cha leo ni mita 1,134, yaani kama futi 3,720. Kwa kipimajoto cha kuogea, hiyo ni kazi nzuri ajabu.

Hapo hapo Speke akaamini ameona chanzo cha mto Naili, na tarakimu zile zilikuwa nguzo kubwa ya hoja yake. Wasafiri waliokuwa wamepanda mto kutoka Misri walifika Gondokoro, katika Sudani Kusini ya leo, na pale mto ulikuwa chini ya futi 2,000. Maji ya Nyanza yangeweza kuteremka hadi huko bila shida. Maji ya Tanganyika, likiwa futi 1,850, yangeteremkaje? Burton hakukubali. Alisema mtu hawezi kuona ncha ya ziwa siku tatu kisha akadai mto mzima. Nami, ingawa nampenda zaidi Speke, nakiri kuwa katika hili Burton alisema neno la mwanasayansi.

Walirudi Uingereza mwaka 1859 wakiwa hawasemezani vizuri. Chama cha Kifalme cha Jiografia kikampa Speke fedha za safari nyingine, naye akarudi Unguja mwaka 1860 pamoja na rafiki yake James Augustus Grant, na Bombay akiongoza watu. Safari hiyo ndiyo iliyomleta katika mkoa wetu. Novemba 1861, baada ya kuteswa na hongo na njaa njiani, walifika Karagwe, na Rumanyika akawapokea Bweranyange kwa ukarimu ambao Speke hakuusahau. Alimsifu Omukama huyo kuwa mtu mwenye akili, apendaye kuuliza maswali juu ya nchi za mbali na mwenye subira ya kusikiliza majibu. Ziwa dogo lililo chini ya makao yake Speke aliliita Little Windermere, kwa kukumbuka ziwa la kwao.

Huko Karagwe alipima kila kitu, na si kila kipimo kilimpa heshima. Alichukua utepe akawapima wake wa jamaa ya mfalme unene wao, akayaandika yote kitabuni. Alitunga pia maelezo kuwa watawala wa nchi hizi walikuwa wageni kutoka Uhabeshi, bora kuliko watu waliowatawala. Hilo hakulipima kwa chombo chochote. Wazo hilo liliendelezwa na wengine baada yake, likaja kuleta madhara makubwa, hasa kwa jirani zetu wa Rwanda. Mtu aliyekuwa mwangalifu kwa nusu digrii ya zebaki hakuwa mwangalifu hata kidogo kwa jambo zito kuliko hilo.

Toka vilima vya Karagwe aliiona kwa mbali milima ya Mfumbiro, tunayoiita Virunga. Hakuweza kuipandisha sufuria yake huko. Aliikadiria kwa jicho kuwa futi 10,000 hivi. Muhabura peke yake una zaidi ya futi 13,500, na Karisimbi zaidi ya 14,700.

Grant aliugua mguu, Speke akamwacha kwa Rumanyika na kuondoka Januari 1862. Hakupita hapa Bukoba, na mji wenyewe haukuwapo. Emin Pasha aliweka kituo hapa mwaka 1890. Speke alipita nyuma yetu, akavuka mto Kagera sehemu za Kitengule, akastaajabia wingi wa maji yake, kisha akaingia Buddu na Buganda. Kabaka Mutesa alimpokea Februari, akamkawiza miezi mingi. Tarehe 28 Julai 1862 alisimama mahali ambapo maji ya ziwa yalikuwa yakimwagika juu ya mawe na kuanza safari ya kaskazini, akapaita Maporomoko ya Ripon. Grant hakuwapo, Speke alikuwa amempeleka njia nyingine. Kisha, walipoufuata mto, waliuacha mahali unapopinda magharibi, wakakata njia ya mkato, wakaukuta tena mbele. Februari 1863 walifika Gondokoro, wakamkuta Samuel Baker.

Pengo lile katika njia yake ndilo lililompa Burton silaha. Nani ajuaye, alisema, kama mto aliouacha ni ule ule aliouona baadaye? Baker akaenda katika sehemu ile iliyorukwa, na mwaka 1864 akafika Ziwa Albert. Naye alichemsha maji, akapata futi 2,720. Liko karibu futi 2,030.

Tazameni jinsi tarakimu hizi zilivyogombana. Wale waliotaka Tanganyika liwe chanzo cha Naili walisema maji yake hutokea kaskazini na kuingia Albert. Kwa vipimo vya karatasini haikuwezekana, maana Tanganyika lilikuwa futi 1,850 na Albert futi 2,720, na maji hayapandi. Ndipo Burton akageuka dhidi ya kipimajoto chenyewe, akasema kilikuwa kibovu na Tanganyika liko juu zaidi. Kuhusu kipimajoto, Burton alikuwa sahihi! Kosa la futi karibu 700 ni kosa la digrii 1 na robo tu ya Fahrenheit, nafasi ndogo kuliko unene wa ukucha katika kipimajoto cha kuogea. Kioo cha kipimajoto husinyaa polepole kwa miaka, zebaki ikasukumwa juu kuliko inavyostahili, na anayekisoma hudhani yuko chini kuliko alipo. Kwa vimo vya kweli, maji ya Tanganyika yangeweza kabisa kuteremkia Albert. Lakini kuhusu mto, Burton alikosea.

Mjadala mkubwa kati yake na Speke ulipangwa kufanyika mjini Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864, mbele ya wanasayansi. Siku moja kabla yake, alasiri, Speke alikwenda kuwinda kware katika shamba la jamaa zake karibu na mji huo. Akiwa anaruka ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ililia na risasi ikampata ubavuni. Alifariki muda mfupi baadaye, akiwa na umri wa miaka 37. Baraza lililochunguza kifo lilisema ni ajali. Wapo waliosema alijiua kwa kuogopa mjadala. Sioni sababu ya kulikubali neno hilo kwa mtu aliyekwisha kukimbia na mikuki mwilini. Alizikwa Dowlish Wake, katika Somerset.

Shauri lenyewe halikukatwa kwa kipimajoto. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya Tanganyika, kwenye mto Rusizi, wakatazama maji yanakwenda wapi. Yalikuwa yanaingia ziwani, hayatoki. Basi habari ya Tanganyika kumwagikia Albert ikafa siku hiyo. Mwaka 1875 Stanley akalizunguka Nyanza kwa mashua, akapita na hapa pwani ya Buhaya, na akaona kuwa ni ziwa moja, si vidimbwi vingi kama Burton alivyodai, na kuwa maji yake yana tokeo moja tu, pale pale Ripon. Maporomoko hayo hayaonekani tena. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liliyafunika, na maji ya ziwa sasa yapita juu ya mawe aliyosimama Speke akiyatazama.